Mkwe Asiyegombezwa

Kila aliyeingia kwenye karakana ya ufinyanzi ya mtaa ule aligombezwa kabla hajamaliza kufunga aproni. Kazi hiyo alikuwa nayo mama mmoja mfupi, mtunza tanuri, aliyezijua kanuni za usalama kuliko hata huyo aliyezibandika ukutani. "Wewe, pete hiyo itabaki kwenye udongo, ivue! Wewe, kunja mikono ya gauni, gurudumu halina macho! Na nani amekula mkate hapa mezani? Udongo mmekuja kuufinyanga au kuula?" Watu walicheka, wakatii, na wiki iliyofuata wakarudi. Mtu akishagombezwa na mama yule alijua amekuwa mwenyeji.

Mmoja tu hakuwahi kugombezwa, naye alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee.

Mkwe huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima. Alijiunga na karakana kwa sababu ambayo angeona haya kuitamka mbele za watu: alitaka mama mkwe amzoee. Tangu aoe, kwa mama huyo alikuwa akipokewa kama mgeni rasmi. "Karibu baba. Keti hapa baba. Usijisumbue baba." Naye kwa kazi yake aliijua vizuri maana ya adabu iliyozidi. Yeye mwenyewe alimfokea mwanafunzi aliyemjali mpaka vioo vya gari vikatetemeka. Aliyemkatia tamaa ndiye aliyemwambia kwa upole, "Vizuri bwana, endelea." Sasa kila alipoitwa baba, alichosikia ni "Vizuri bwana, endelea," na kilimuuma kwelikweli.

"Wenzio wanaomba mama mkwe mpole," mkewe alimcheka, "wewe unatafuta wa kukufokea. Hivi uko sawa, mume wangu?"

Mume akaanza kuvunja kanuni makusudi.

Kwanza alimwaga tope la udongo kwenye sinki, kosa ambalo mzee mmoja mstaafu wa posta aliwahi kugombezwa kwalo mpaka akakosa pa kuweka uso. Sinki likaziba. Mama mkwe akaja na waya, akalizibua kwa mikono yake, akasema bomba limezeeka. Safari nyingine mkwe akashika ufagio mkavu na kufagia, ilhali watu wote walishaambiwa kwamba vumbi la udongo likiingia kifuani halitoki, na kwamba sakafu pale hufutwa kwa maji. Vumbi likatanda. Mama mkwe alikohoa, akafungua madirisha, kisha akamgeukia mshonaji mmoja aliyekuwa akifinyanga kwenye gurudumu lake.

"Na wewe umekaa tu! Huoni baba anahitaji kitambaa kilicholowa? Mletee!"

"Jamani, mimi nimefanya nini?" mshonaji alilalamika.

Hajafanya kitu, maskini. Ila mkwe akikosea, lawama zilimwangukia aliye jirani, na haikuchukua muda kila mtu akawa anahamisha kigoda chake mbali naye.

La bakuli hakulifanya makusudi, na hilo ndilo lililoleta balaa. Lilikuwa bakuli lake la kwanza, nene kama tofali, na aliliweka kwenye rafu ya vyombo vilivyo tayari kuchomwa huku roho imemtulia. Chombo kibichi hakiingii tanurini. Maji yaliyobaki ndani yake hugeuka mvuke, kikapasuka na kuwavunjia wengine vyao. Mama mkwe alilichukua bakuli, akaligusisha shavuni kama afanyavyo siku zote, maana udongo ambao haujakauka huwa wa baridi. Alisita. Akamtazama mkwewe, aliyekuwa amesimama pale anatabasamu.

"Zuri, baba," alisema, akalipanga tanurini, kando ya mtungi wake mwenyewe wa shingo nyembamba alioutesekea msimu mzima.

Siku ya kufungua, tanuri likiwa limeshapoa, wote walikusanyika. Mfuniko uliponyanyuliwa wakainama kuchungulia. Vikombe vya mstaafu vilikuwa vimepasuka, sahani ya mshonaji haikuwa sahani tena, na mtungi wa mama mkwe ulikuwa hauna shingo. Katikati ya maafa hayo vilitapakaa vigae vinene ambavyo hapakuwa na haja ya kuuliza ni vya nani.

"Tanuri limezeeka," alisema mama mkwe, kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

Aibu ilimpanda mkwe mpaka masikioni. Bila kufikiri akapeleka mkono mtupu ndani, angalau amwokolee ile shingo.

"Toa mkono!" Glavu ya tanuri ilimchapa kwenye kifundo cha mkono. "Vigae vinakata kama wembe, na wewe unachovya mkono kama mtoto anayeiba sukari! Glavu huzioni? Mtu mzima, kitambi chote hicho, akili umeiacha wapi?"

Mama akajiziba mdomo. "Nisamehe, baba. Nimepitiwa."

"Mama," mkwe alisema, "bakuli langu lilikuwa bichi. Na ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Mama alijifutafuta mikono kwenye aproni, ingawa mikono haikuwa na uchafu. "Nikikugombeza wewe hapa, baba, utanyamaza, una adabu zako. Ukifika nyumbani hasira utazimalizia kwa nani? Mimi ninaye mmoja tu. Bora mtungi uvunjike."

Muda wote huo mkwe alidhani hapendwi, kumbe alikuwa anaogopwa, na hilo lilimchoma zaidi. Alitaka kuapa kwamba hajawahi kumwinulia mkewe hata sauti, lakini viapo kila mtu anavyo. Akasema tu ukweli wa nyumbani kwake.

"Mama, huyo mwanao ndiye anayenigombeza mimi, asubuhi na jioni. Juzi kanifungia nje kwa sababu ya viatu."

"Viatu vimefanya nini?"

"Navivua katikati ya mlango. Anajikwaa."

Mama mkwe aliinamisha macho akaitazama miguu ya mkwe, kisha akayapandisha taratibu mpaka usoni. Mshonaji alikuwa ameshaanza kucheka kichinichini.

"Ana haki," alisema mama. "Na miguu yenyewe mikubwa namna hiyo! Haya, vaa glavu, uniokotee vigae vyote, na vile vidogo vya pembeni usiniachie. Umesikia, wewe mtoto?"

"Ndiyo, mama," alijibu mkwe, na ilibidi ageukie ukutani kutafuta glavu, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.