Upawa Uliojua Kifaransa

Usiku wa jana niliota ndoto, na kwa kuwa jirani yangu Kibibi nimeshamhadithia, mtaa mzima unayo. Bora na wewe uipate kwangu.

Niko jikoni kwangu, Tanga. Mjukuu wangu Inaya amekaa jamvini, mikono mapajani. Tangu mwanangu amlete kutoka Ufaransa, hajala cha maana: mkate kwenye chai, basi. Baba yake kasema asipokula, Ijumaa anarudi naye. Mtoto Kiswahili hakijui, nami Kifaransa sikijui.

Upawa unashuka kwenye msumari wake, unakohoa.

"Mwanafunzi, simama."

Nasimama. Upawa wa kifuu, nimeununua mwenyewe sokoni, leo unaniita mwanafunzi.

"Sema: *Tu veux goûter?* Yaani, unataka kuonja?"

"Mgeni haulizwi. Mgeni anapakuliwa."

"Sema."

Nasema. Ukutani unafunguka mlango, na nje ya mlango ni uwanja wa ndege. Inaya anageuka kuutazama.

"Ndiyo kazi ya swali," upawa unasema. "Linampa mtu pa kutokea. Haraka, neno lingine: *Goûte.* Onja."

"*Goûte!*"

Samaki wa kupaka anainuka sahanini, ananionja mimi, kwenye shavu.

"Bibi, mbona chumvi nyingi? Ulikuwa unalia?"

"Vitunguu," namwambia.

Haamini. Anajilaza tena kwenye tui lake. Inaya keshasimama, begi mgongoni.

"Limebaki moja," unasema upawa. "*Sers-toi.* Jipakulie."

"Hilo silisemi! Mgeni ajipakulie, kwani mwenye nyumba kafa?"

Upawa unanielekeza mlangoni. Inaya ana mguu mmoja nje.

"*Sers-toi*, mjukuu wangu."

Hapo hapo jiko linakuwa ua, majamvi yametandikwa, watu wamejaa. Nyumba yangu haijajaa hivi tangu harusi ya mwanangu. Nafurahi, naanza kusalimia. Haitikii mtu. Ubani unafuka. Kibibi amekaa katikati, kajifunga khanga yangu.

"Marehemu alikuwa na mkono wazi," anasema, "lakini alivyokuwa akishindilia watu chakula! Ukitoka kwake, khanga haifungiki."

"Kibibi, niko hapa, shoga."

"Na pilau hii haina chumvi. Angekuwepo, tungekoma leo kwa maneno yake."

Nataka nimpakulie mtoto. Mikono yangu inapita kwenye sahani kama moshi.

Inaya anavua begi. Anautwaa upawa, anachota mwenyewe, anajibana baina ya wanawake, anakula kwa mkono kama aliyezaliwa hapa. Anarudi kuchota tena.

"Kumbe anakula!" anasema Kibibi. "Alikuwa anangoja aachwe tu."

Nataka kulia. Upawa unanikumbusha kwamba maiti halii.

Nikaamka, alfajiri imeingia. Inaya alikuwa amelala ubavuni mwangu, mdomo wazi. Jana nilipika samaki, hakumgusa. Pilau haijapikwa nyumbani kwangu tangu Idi.

Nikainama kumfunika. Pumzi zake zilinukia bizari, na kwenye pembe ya mdomo ilikuwa imeganda punje ya wali, ya hudhurungi.

Nikaibandua, nikaitia ulimini.

Kweli haina chumvi. Na mtoto kaipenda.