Maswali Matatu ya Kocha Tvedt

Helmeti ya Duane ilibingirika hadi miguuni pa Kocha Tvedt kabla Duane mwenyewe hajainuka.

Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, muda unayoyoma, na Duane Hruska ndiye mrusha mpira wetu wa kutegemewa. Mashabiki wa Holbeck, wapinzani wetu, walikuwa wakipiga kelele: "Mrudisheni akakamue ng'ombe! Tvedt, fungasha!"

Chuo chetu cha Nebraska, kilichozungukwa na mahindi, hakikuweza kulipa makocha wawili. Majani yakipukutika, Tvedt alifundisha futiboli, hii yetu ya mpira wa umbo la yai na kuangushana. Theluji ikianza, vijana walewale aliwaingiza ndani kucheza mpira wa kikapu. Mistari ya uwanja aliichora mwenyewe kwa chokaa, na jezi alizifua mkewe, Inga. Mimi niliendesha basi na kuwafunga vijana bandeji. Miaka kumi na tisa ilikwenda hivyo. Kisha tukaanza kufungwa kila msimu, na Jumatatu ile Mkuu wa chuo, Bwana Ostergaard, akamwambia bila kupepesa macho: ukipoteza na mechi hii, tutatafuta mwingine. Mzee ambaye kazi yake yote ni filimbi angeajiriwa na nani?

Mchezaji akigongwa kichwa, Kocha aliuliza maswali matatu, yaleyale siku zote. Jina lako nani? Leo siku gani? Tunacheza na nani? Ukijibu, unarudi.

Nilimkokota Duane hadi kwenye benchi. Kocha akapiga goti mbele yake, helmeti mkononi. Kabla Kocha hajafungua kinywa, Duane akasema, "Duane Hruska. Jumamosi. Holbeck."

"Sijakuuliza bado."

"Duane Hruska. Jumamosi. Holbeck."

Virgil, beki wetu mnene, akaangua kicheko. "Kocha, maswali yako tunafundishana kuyajibu siku ya kwanza tu tukifika! Hata maiti ya hapa ingekujibu!"

Benchi zima likacheka. Kocha hakucheka. Uso ulimpauka kama chokaa yake, na macho yakawa yanapita juu ya vichwa vyetu, kana kwamba anawatafuta vijana wengine, wa zamani, aliowarudisha uwanjani.

"Amejibu, Tvedt," nikasema. Nilikuwa namfikiria Inga. "Yote matatu. Mwache aende."

Kocha akamwinamia kijana. "Mwanangu, nani amekuleta hapa?"

Duane akaitazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa imemshika kwapani. Akatabasamu kama mtu anayeomba radhi.

"Jumamosi," akasema.

Ostergaard alikuwa ameshashuka kutoka jukwaani, kofia imekunjwa mkononi. "Kocha, mwamuzi anangoja. Unakumbuka tulichozungumza?"

"Nakumbuka." Tvedt akaketi kando ya Duane, akaikumbatia ile helmeti mapajani kwa mikono yote miwili. "Lyle! Ingia wewe."

Lyle, ambaye tangu msimu uanze hakuwa amerusha hata mpira mmoja, akaingia huku akifunga mkanda wa kidevu. Holbeck wakashangilia. Ostergaard akageuka, akapanda ngazi kurudi jukwaani.

"Kocha," Duane akanong'ona, "tunacheza na nani?"

"Holbeck, mwanangu."

Filimbi ikalia. Lyle akaushika mpira.

"Kocha, tunacheza na nani?"

"Holbeck," akasema Tvedt taratibu, kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza.