Siku Nane za Mudathir

Mudathir alinifungulia kalamu kabisa. Akaiweka juu ya kitabu chake cha mafunzo kwa vitendo, pale penye nafasi ya msimamizi, kisha akarudi kwenye simu yake.

"Siku arobaini, mama. Saini tu."

Mimi ni bibi shamba wa Marui, nina stashahada ya kilimo. Mwaka ule mwanangu, akiwa anamalizia shahada, alipangiwa kujifunza kazi kwangu. Alikuja siku nane. Siku ya kwanza alisimama kivulini na miwani ya jua, wakulima wakipulizia mikorosho salfa. Mmoja wao, Bi Mboni, akaniuliza, "Huyu mwanafunzi au mkaguzi?" Mudathir hakucheka. Alimjibu kwamba anasomea kuongoza miradi, si kubeba mashine. Shikamoo hakumpa.

Nikaandika: nane.

"Mama, hapo sihitimu na wenzangu."

"Najua."

"Kwa alama hawanifikii hata mmoja. Kwa nini mimi nihesabiwe siku kama kibarua?"

Aliuliza kwa dhati. Hilo ndilo lililonichoma. Tangu darasa la pili, kila alipochelewa kuamka, niliwaandikia walimu wake kwamba anaumwa. Nina mwandiko mzuri, waliniamini. Na yeye ndiye aliyekuwa akizipeleka barua.

Nikasaini chini ya ile nane.

Alihamia kwa dada yangu Raudha, Kisarawe mjini. Raudha akanipigia kuniambia nina roho ngumu. Baada ya siku kumi alipiga tena, safari hii kuuliza mtoto huyu huwa anafua lini.

Wenzake walihitimu. Yeye alirudia mafunzo mwaka uliofuata, Kwala, chini ya Leodegar, afisa niliyesoma naye. Alikuwa amesharudi kwangu, akitokea nyumbani kwetu Misugusugu. Jioni moja aliingia, vumbi hadi magotini, akaketi.

"Leodegar amekataa kunisainia leo. Nilifika saa tatu."

Nikasubiri aniombe. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na nakiri jina la Leodegar nilikuwa nimeshalitafuta.

"Kesho natoka saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Mkate upo?"

"Upo. Chai utachemsha mwenyewe."

"Haya."

Akavua viatu, akaenda navyo nje kuvikung'uta.