Kocha Aliyekataza Vichwa

Kona ilipopigwa, Makena aliinama kama anayekwepa jiwe. Mpira ukapita juu ya mgongo wake, ukamfikia mshambuliaji wa timu pinzani, ukaingia wavuni. Wazazi waliosimama kandokando ya uwanja ule wa Scarborough wakaguna. Kocha Detlef peke yake alipiga makofi, tena kwa furaha.

Nkirote, mama yake Makena, alimkazia macho. Binti yake alikuwa mrefu kuliko wenzake wote. Mipira ya juu ilikuwa haki yake. Tangu Mjerumani huyu aje na kukataza kupiga mpira kwa kichwa, binti anainama. Isitoshe, mara mbili alimsikia akimwita "Silke". Na baada ya mazoezi humbakiza, wakanong'ona wawili. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu kwao, kisha akafundisha timu za maana, anatafuta nini kwa mabinti wa wahamiaji?

"Mnaongea nini?" alimuuliza bintiye ndani ya basi.

Makena akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kocha huuliza tu mazoezi yalikuwaje.

"Kwani yeye hakuwepo?"

Makena akageukia dirisha.

Jumanne Nkirote aliwahi uwanjani. Alimkuta Detlef akipanga koni za mazoezi, akizikusanya, akizipanga upya palepale.

"Silke ni nani?"

Mzee aliinuka taratibu. "Binti yangu. Yuko Ujerumani, mtu mzima sasa."

"Na huyu wangu unambakizia nini?"

"Nikimuuliza tulichofanya leo, hanicheki." Akaligusa paji lake la uso. "Nilikuwa beki wa kati. Kila mpira wa juu ulikuwa wangu, na magazeti yaliniita Nyundo. Nani huuliza kama nyundo inaumia? Daktari anasema kusahau huku huenda ni vile vichwa, huenda sivyo. Kwa hawa wasichana, mimi sisubiri uhakika."

Maneno makali aliyokuja nayo Nkirote yalimyeyukia mdomoni. Alimwonea huruma, akajionea haya. Hata hivyo shaka haikumtoka. Ilihamia kwingine tu.

"Viongozi wa klabu wanajua?"

"Bado. Wakijua watanipumzisha, nami nitabaki na kuta nne."

"Jumamosi nani anaendesha gari la timu kwenda kwenye mechi ya Pickering?"

Detlef alitazama koni zake. "Mimi. Kama siku zote."

Siku zilizofuata Nkirote hakumwambia mtu. Mara tatu alishika simu ampigie katibu wa klabu, mara tatu akairudisha mkobani. Jumamosi asubuhi alitangulia kwenye mlango wa dereva, akanyoosha mkono. Wasichana wakasita kupanda. Detlef alizifumbata funguo hadi vidole vikawa vyeupe, kisha akaziachia kiganjani mwa Nkirote.

"Basi niache nikuelekeze," alisema kwa sauti ndogo. "Njia hii naijua."

Wakaondoka, na kelele za wasichana zikajaa garini. Kwenye taa za njia panda, mzee akanyoosha kidole.

"Kushoto."

Nkirote hakuwa amewahi kufika uwanja wa Pickering. Angeweza kuiuliza simu yake. Kwenye kioo aliona macho ya Makena yakimtazama. Taa ikawa ya kijani, gari la nyuma likapiga honi, na mzee akawa bado amemgeukia, kidole hewani, akingoja.

Mkono wa Nkirote ukaenda kwenye indiketa, ukawasha ya kushoto.