Mayungiyungi Yaliyonukia Wali

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Ifakara kwamba, kuanzia Jumatatu tarehe 8 Machi 1954, ni marufuku kuingia na samaki wa kuchoma katika bustani ya mayungiyungi.

Tangazo hilo, lenye saini ya Ildefonce, Katibu wa Kamati ya Urembo wa Mji, lilibandikwa langoni. Balbina, mtunza bustani, alilisoma akiwa na ndoo mbili za maji mikononi. Mwaka uliotangulia hapo palikuwa shamba lake la mpunga. Kamati ililitwaa ili kumpandia maua mgeni mheshimiwa, ambaye alikuwa bado hajafika, kisha ikamwajiri Balbina kwa kuwa aliijua ardhi.

Mayungiyungi yale ni ya aina inayochanua alfajiri na kunyauka jioni. Karatasi iliyokuja na mizizi yake iliahidi harufu ya asali. Yalipochanua, yalinukia wali wa mpunga mpya. Utunzaji wake haukuwa mgumu: Balbina alipalilia, akagawa mashina yaliyosongamana, akachuma maua ya jana. La kuangalia lilikuwa maji. Akichelewa kumwagilia, harufu iliungua. Akizidisha, ikawa uji.

Adhuhuri majirani walikuja na samaki wa kuchemsha, ambao tangazo halikuwataja, wakaketi kando ya matuta na kuwala kwa harufu.

“Dada Balbina, leo wali umekushinda, una maji,” alisema Scolastica, akimchambua kambale.

“Na kambale wako ana chumvi ya Kwaresima nzima. Mimi nimesema kitu?”

“Basi nihamie tuta lile lenye ukoko.”

Scolastica akahama, Balbina akabaki akihesabu siku. Msimu wa kupandikiza mpunga ulikuwa umebakiza wiki mbili uishe, na harufu, hata iive vipi, haikuwa imemshibisha mwanawe yeyote. Akaenda ofisini.

“Shikamoo, Bwana Katibu. Maua yenyewe yanasema shamba ni la nani.”

“Marahaba, mama. Maua hayajaleta barua.”

Hata hivyo Kamati ilimleta mkaguzi. Alinusa tuta la kwanza, akalegeza mkanda, akaomba aongezewe. Kikao kilichofuata kilichukua saa tatu, na uamuzi ukasomwa hadharani:

Mayungiyungi yamepewa miezi sita yajirekebishe na kunukia kama maua. Mtunza bustani atayasomea uamuzi huu kila asubuhi. Ombi lake la kurudishiwa shamba halikujadiliwa, kwa kuwa halikuhusu harufu.