Maranda ya Msonobari

Jumanne, tarehe 14 Machi, saa tatu na robo asubuhi. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Nilikuwa nimeizunguka maabara kiasi cha kumkera mtunza vizimba, wala sikuweza kuketi. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Kimeng'enya kinachovunjavunja dawa, ambacho kwa kawaida hufifia ndani ya uvimbe wa ini la panya, kilikuwa kimefufuka kwa panya waliopewa dawa yetu. Kwa wenzao wasiopewa, kimya. Mchana ule ripoti ilingoja sahihi yangu, na bila sahihi hiyo mradi wa mkuu wetu ungefungwa. Tulikaa naye bweni moja shuleni. Hata leo namwita Kiranja.

Niliingia chumba cha panya. Harufu ya msonobari ilinipokea mlangoni. Mtunza vizimba alieleza kwamba magunzi ya mahindi yaliyosagwa, matandiko yetu ya siku zote, yalikuwa yamepungua; Kiranja akaagiza maranda kwa seremala, nayo yakatandikwa upande wa panya wa dawa tu, kwa kuwa wale wengine magunzi yaliwatosha. Mvuke wa msonobari peke yake huweza kuamsha kimeng'enya kilekile. Huenda hatukuwa tumeipima dawa, tulimpima seremala.

Ofisini kwake, Kiranja alinisikiliza akizungushazungusha kalamu, akacheka kidogo, akasema panya hawali maranda. Nikamjibu kwamba wanayavuta puani usiku na mchana. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Kulirudia jaribio, alisema, ni nusu mwaka, na wafadhili hawana subira hiyo. Kisha akashusha sauti.

"Wewe bwana, mpaka leo unaishi kwa kengele ya bweni. Nani alikubeba mgongoni hadi zahanati, homa imekupanda, barabara yote matope? Sijawahi kukudai hata siku moja. Leo nakudai."

Alisema kweli. Bila mgongo wake nisingefika asubuhi nikiwa hai. Nikasimama wima kama tulivyofundishwa sote wawili.

"Deni nalijua, ndugu yangu. Ukiugua, nitakubeba. Ukikosa pa kulala, njoo kwangu na wanao."

"Nataka sahihi."

Niliisukuma ripoti hadi upande wake wa meza, mahali pa jina langu pakiwa peupe.

"Kwa sahihi, silipi."