Breki ya Upande wa Mwalimu

Mgeni alipiga hodi baada ya sala ya alasiri, Bi Mwatum akiwa ameinama anatia maji kwenye rejeta. Alikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamwota, shati lake limechanika begani, na alinukia karafuu mbichi.

"Shikamoo, Mwalimu. Hapa ndipo panapofunzwa gari?"

"Marahaba. Ndipo hapa. Umetoka wapi?"

"Ole. Naitwa Othman. Nilikufa msimu uliopita na keri ya ami yangu. Nilikuwa nakwepa jamvi."

Bi Mwatum alikumbuka kuisikia habari hiyo. Alifunga kifuniko cha rejeta, akafuta mikono kwa kanga kuukuu. "Ingia, ufunge mkanda," alisema. "Kiti kisogeze mbele, miguu haifiki."

Skuli yake ilikuwa kiwanja kitupu pale Mtambile na gari moja la zamani lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi, moja ya upande wa mwalimu. Kazi hiyo aliisomea Unguja, akarudi kwao akiamini vijana watajipanga mlangoni. Hawakujipanga. Msimu wa karafuu ukiingia, kila mwenye keri, kigari cha kubebea mizigo, hutafuta dereva, na kijana aliyejua kuiwasha asubuhi, jioni huitwa dereva. Msimu huo huo kila nyumba huanika karafuu zake juu ya majamvi kandokando ya barabara, maana lami hukausha upesi, mpaka njia ya magari hubaki nyembamba. Mtoto wa Pemba huonywa asikanyage karafuu za watu kabla hajafunzwa alifu. Kwa hiyo mikono ya vijana ikiona jamvi hukwepa yenyewe, na upande wa pili huwa kuna mtaro, au mti, au mtu.

Hilo ndilo alilolifundisha Bi Mwatum. Alitandika jamvi katikati ya kiwanja, akamwaga juu yake karafuu zake mwenyewe. "Nyoosha usukani, kanyaga breki. Ukilipanda jamvi, lipande."

Othman alishindwa siku nyingi. Siku aliyoweza, karafuu zilipasuka chini ya tairi, gari likasimama, na kiti chake kikawa kitupu. Mkanda ulikuwa bado umefungwa. Bi Mwatum aliufungua, akashuka kuzoa karafuu zake.

Wakaja wengine, wa Pujini, wa Ole, mpaka wa Mtambile penyewe. Walikaa juu ya ukuta wakingoja zamu zao, wasikivu, hawana utani. Aliyejifunza kusimama hakuonekana tena. Vijana walio hai walipita na pikipiki, wanacheka.

"Mwalimu, maiti wako washapata leseni?"

"Wao hawana haraka," aliwajibu.

Mwanafunzi aliye hai alikuwa mmoja tu, Tatu, binti wa muuza mikate. Siku moja mtoto alikatiza mbele yake. Tatu alinyoosha usukani, akakanyaga breki, akasimama juu ya jamvi la watu. Mtoto akaendelea na safari yake ya dukani. Tatu alisemwa mtaa mzima, na baba yake akaenda kuomba radhi kwa ajili ya zile karafuu.

Mbarouk, mwana wa pekee wa Bi Mwatum, aliendesha keri ya Mzee Abrahman. Kila asubuhi mama yake alimwambia lile lile.

"Njoo nikufunze, mwanangu."

"Msimu ukisha, mama. Na mie nishajua, bado kufunzwa tu."

"Nakusihi, Mbarouk."

Kijana aliacha kucheka. "Nitakuja, wallahi. Lakini usinidekeze. Unifunze kama hao wa ukutani."

"Nitakufunza kama wao."

Msimu haukwisha. Mbarouk alikutana na ng'ombe barabarani, kando yake jamvi la Mzee Abrahman mwenyewe. Mikono ikakwepa vyote viwili, keri ikapinduka mtaroni. Alizikwa kabla ya magharibi. Mzee Abrahman alilia kwa dhati, akasimama kizingitini mwa Bi Mwatum.

"Kijana mwenye adabu," alisema. "Hata chembe moja hakuikanyaga."

Alikusudia kumliwaza.

Matanga yalipoanuliwa, Mbarouk alipiga hodi kiwanjani baada ya alasiri.

"Nimekuja, mama. Msimu umekwisha?"

"Bado."

"Basi nimewahi."

Alikuwa mwepesi wa kujifunza, na hilo ndilo lililomtesa mama yake. Kila gari lilipolikaribia jamvi, Bi Mwatum alitangulia kukanyaga breki ya upande wake. Gari likasimama, mwana akawa hajajifunza kitu, na kesho akaja tena. Mama alimtazama ubavu wa uso wake, akamuuliza kama anasikia baridi. Wale wa ukutani walingoja bila kunung'unika.

Jioni moja Mbarouk alizima gari.

"Mama, unanikanyagia breki."

Bi Mwatum alijifuta mikono kwa kanga.

"Ulisema utanifunza kama wao."

Barabarani, majamvi ya Mzee Abrahman yalikuwa yamefika mpaka kwenye mstari mweupe. Keri yake ilipita, imenyooshwa bati na kupakwa rangi, kijana mwingine kwenye usukani. Alikwepa jamvi kwa ufundi, akapiga honi ya salamu.

"Washa," alisema Bi Mwatum.

Gari likaondoka. Alikunja mguu wake, akauweka juu ya kiti, akaushika kwa mikono miwili.

"Nyoosha usukani," alisema. "Sasa. Kanyaga."

Karafuu zikapasuka. Gari likasimama palepale lilipotakiwa kusimama. Bi Mwatum alikaa akiutazama mkanda uliofungwa, mguu wake bado mikononi. Kisha akaufungua mkanda, akamwita aliyefuata ukutani.